Buluu ya Dawa

Kipima mwanga cha Hospitali ya Baraka Tele, juu kidogo ya mji wa Runyenjes, kilitunzwa kuliko mgonjwa yeyote. Kilikaa ndani ya kabati la vioo ofisini kwa msimamizi, Bwana Njiru, kati ya kombe la voliboli na Biblia kubwa ya kupendeza macho. Wafadhili walikileta miaka miwili nyuma kwa kazi moja tu: kupima kama taa za buluu zinazowatibu watoto wachanga wenye umanjano zina nguvu ya kutosha na rangi inayofaa. Kazi hiyo hakikuwahi kuifanya. Hata nailoni yake ilikuwa haijavuliwa.

"Kikitumiwa kitaharibika," Njiru alikuwa akieleza, na nani angebishana na hekima hiyo?

Alhamisi moja asubuhi, Mukami, fundi wa vifaa vya hospitali, alikuwa ndio amefika kutoka kwake mtaa wa Dallas, mjini Embu. Hata mkoba hajauweka chini, muuguzi Gladys akamshika mkono.

"Hebu njoo uone mtoto wa Kajuju. Yuko chini ya taa tangu juzi, na kipimo cha damu badala ya kushuka kinapanda."

Kajuju, mchuma chai aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, alikuwa ameketi kando ya kitanda na leso begani. Mtoto alifunikwa macho kwa kitambaa, na ngozi yake ilikuwa manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Juu yake taa ziling'aa buluu nzuri ajabu. Nzuri mno, Mukami akawaza. Zilikuwa mpya, zimenunuliwa mwezi uliopita baada ya zile za zamani kuungua. Alipanda kiti akazikagua. Hazikuwa na maandishi yoyote ila kibandiko cha duka.

Akaenda kwa Njiru.

"Daktari, naomba kipima mwanga. Dakika tano tu."

Njiru hakuwa daktari, lakini hakuwahi kumsahihisha mtu.

"Cha nini?"

"Nashuku zile taa mpya za watoto."

"Madam Mukami, zile nilizichagua mwenyewe. Zina rangi gani?"

"Buluu."

"Na tulihitaji rangi gani?"

"Buluu, lakini..."

"Basi. Mungu amekupa macho mawili, unataka la tatu?"

Mukami alieleza kwamba jicho la mtu hudanganyika. Buluu ni nyingi, na si zote zinazoyeyusha umanjano chini ya ngozi. Nyingine hupendeza tu, kama zile za baa. Njiru alimsikiliza kwa makini ya mtu anayengoja mwenzake amalize.

"Andika barua," akasema. "Kamati ya vifaa inaketi Jumanne."

"Mtoto hawezi kungoja Jumanne."

"Utaratibu ni utaratibu."

Mukami aliandika mistari mitatu, akaiacha barua mezani. Kisha akamwomba daktari wa zamu, Nyamu, amhamishe mtoto; naye akakuna kidevu. "Taa inawaka, Mukami. Nitamhamishaje mtoto kwa sababu fundi ana wasiwasi? Nipe namba."

Namba! Mukami akampigia Mutuma, waliyesoma naye chuo, ambaye sasa alikuwa fundi mjini Meru.

"Una kipima mwanga?"

"Ninacho hapa. Kwani nyinyi hamna?"

"Tunacho. Ni cha wageni."

Mutuma hakuuliza zaidi. Yeye pia alikuwa na msimamizi. Alikifunga kifaa chake ndani ya katoni, akakituma kama kifurushi kwa gari la kwanza la Embu. Kabla ya saa saba, mtu wa boda boda alikuwa getini nacho. Barua ya Mukami, iliyosafiri hatua kumi tu, ilikuwa bado haijapigwa muhuri.

Akaliweka jicho la duara la kile kifaa pale kifua cha mtoto kilipolala. Kilipaswa kusoma thelathini au zaidi. Kikasoma nne. Akalifuta jicho kwa pamba, akarudia. Nne. Siku mbili nzima mtoto huyu ameota taa za mapambo, na kila asubuhi mama yake anawashukuru.

"Ni mbaya?" Kajuju aliuliza.

"Taa ndiyo mbaya, mama. Mtoto tutampeleka penye taa za kweli. Funga vitu vyako."

Nyamu alitazama namba mara moja tu, akashika simu kuita ambulensi. Hapo ndipo Njiru alipoingia.

"Hicho si kifaa chetu. Hatuwezi kuamini namba za Meru," akasema, kana kwamba namba nazo, kama majani ya kutafuna, miraa ya Meru na muguka wa Embu, hubadilika ukivuka mto Thuchi.

"Basi tulete chetu," Gladys akasema, mbele ya akina mama wote wa wodi.

Njiru hakuwa na pa kutokea. Alikileta kwa mikono miwili kama sadaka, akakivua nailoni polepole. Mukami akatia betri, akapima. Tatu nukta nane.

"Kweli vimetofautiana, Daktari," akasema.

Mtoto alipelekwa hospitali kubwa mjini Embu alasiri hiyo. Jumapili Kajuju alipiga simu. "Dada fundi, macho yake yameanza kuwa meupe. Na ananyonya kwa fujo!" Mukami, ambaye alikuwa zamuni, aliketi kwenye stuli ya karakana akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha grisi, akazunguka na mstari mweusi shavuni mpaka jioni.

Jumanne kamati iliketi, ikaazimia mambo matatu: taa za mapambo zitolewe, msimamizi apongezwe kwa kugundua hitilafu mapema, fundi apewe onyo kwa kuingiza kifaa kigeni bila kibali.

Mukami alitia sahihi onyo lake. Kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa kabati, na Njiru, kwa kuwa wanakamati wote walikuwa wakimtazama, akampa.

Taa mpya zilipofika alizipima moja baada ya nyingine. Kila namba aliiandika kwa kalamu nene juu ya plasta, akaibandika kando ya taa yake, mahali ambapo mama yeyote angeweza kuisoma.