Ukurasa wa Sitini na Nne

Tangu Jumatatu mwalimu wa fasihi alihesabu kurasa kama mgonjwa anayehesabu siku za kupasuliwa. Riwaya ile kongwe, inayosifiwa kwa lugha yake tamu, ilikuwa ya mtihani, na Alhamisi wangefika ukurasa wa sitini na nne. Hapo mwandishi anawaita watu weusi nyani, tena kwa mzaha.

Mwalimu mwenyewe aliusoma ukurasa huo kwa sauti akiwa na miaka kumi na minne, mweusi peke yake darasani. Miaka miwili mizima waliokaa nyuma yake walimrushia maganda ya ndizi.

Sasa darasani mwake alikuwamo msichana mweusi mmoja tu, binti wa fundi bomba.

"Turuke ukurasa huo," mwalimu alimwomba mkuu wa idara.

"Na swali likitoka hapo? Kitabu ni kitabu, mwalimu. Wa zamani wale, walikuwa hawajui."

"Walijua, mzee."

Mkuu wa idara alikoroga chai yake. "Basi wafundishe hivyo. Ila ufundishe."

Alhamisi aliingia darasani kabla ya kengele. Alikusudia kusoma mwenyewe, polepole, huku akieleza. Akaanza kusoma. Ilipobaki mistari mitatu kufikia neno lile, wanafunzi waliokwisha kusoma nyumbani waligeuka. Wengine wakafuata. Vichwa ishirini na tisa vikamwelekea binti wa fundi. Kijana mmoja alikwisha kuanza kutabasamu.

Sauti ya mwalimu ilikatika. Kiti kikakwaruza sakafu. Msichana akatoka, mlango akauacha wazi.

Mwalimu alimkuta kwenye ngazi, ameukumbatia mkoba.

"Nisamehe, mwanangu."

"Neno lenyewe nalijua. Baba alinionya mapema. Alisema wanaokisifu kitabu hawajachomwa nalo, mkuki kwa nguruwe." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ni yale macho, mwalimu. Sikujua kama wote wananiona hivyo."

Mwalimu alitaka kumwambia si wote. Hakuweza kuapa. Aliketi kando yake akamsimulia habari za maganda ya ndizi, ambazo hata mumewe hakuwahi kuzisikia.

"Na mwalimu wako alifanya nini?"

"Aliendelea na ukurasa wa sitini na tano."

"Wewe usiendelee."

Mwalimu alirudi darasani, akampita mkuu wa idara aliyesimama kwenye ujia akitazama saa. Liwalo na liwe. Aliandika ubaoni: Kwa nini mligeuka?

"Itatoka kwenye mtihani?" aliuliza yule wa tabasamu, ambalo sasa halikuwapo.

"Hapana. Andika."

Jioni, katika chumba cha walimu, alizisoma karatasi. Nyingi zilisema sijui. Wawili waliomba radhi. Moja, isiyo na jina, ilisema: "Nilitaka kuona kama ataumia." Aliirudia mara tatu, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wa mwanafunzi mpole kuliko wote, yule ambaye mwalimu alimpenda zaidi.

Mkuu wa idara alimpa onyo la maandishi kwa kuchelewesha kazi. Riwaya ilibaki kwenye mtihani.

Ijumaa binti wa fundi alikuja, akachagua dawati la katikati kabisa. Mwalimu alimwuliza kwa macho; akaitikia kwa kichwa. Ukurasa ulisomwa wote, neno likatajwa, wakabishana juu yake kipindi kizima. Hakuna aliyegeuka. Lakini mwalimu, akiwa ubaoni, aliziona shingo zilivyokakamaa kwa kujizuia, na hakujua zingejizuia hivyo mpaka lini.