Shahidi wa Usingizi

Siku ile Mama Pacha alisinzia akiwa amesimama, mkono wa kulia umeshika mashine ya kukatia, wa kushoto umelala juu ya rundo la kitambaa cha kijani. Karakana yao ilikuwa inakata mavazi ya wauguzi wa chumba cha upasuaji. Wembe uliacha mstari wa chaki, ukapasua bega la vazi, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye vidole vyake. Kilichomwokoa ni glovu ya nyuzi za chuma ambayo wakataji wote hulazimika kuivaa na ambayo wengi wao huinung'unikia.

Msimamizi ndiye aliyezima mashine. Alipomgusa bega, Mama Pacha alifumbua macho na kusema, "Nipo, nipo," kama mwanafunzi anayeitikia jina darasani.

Hakugombezwa, na hilo ndilo lililomtia hofu. Msimamizi alimkalisha kwenye benchi karibu na dirisha, akamletea maji, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kesho asije kazini, aende hospitali, na asirudi mezani pale mpaka daktari aseme ana nini. Wenzake waliendelea kukunja vitambaa bila kumtazama. Kwa kawaida wangemtania. Walikuwa na utani wao wa siku nyingi, kwamba Mama Pacha akitafuta kiti, usingizi huwa umetangulia kukaa.

Yeye mwenyewe alikuwa na majibu tele. Alisema ni umri. Alisema ni joto la pasi, ni damu, ni chai aliyoisahau asubuhi. Jambo moja hakuwahi kulitaja, nalo ni kwamba alikuwa anakoroma.

Mwanaume akikoroma, watu hucheka na kusema baba mwenye nyumba yupo. Mwanamke akikoroma huonekana kama ana kasoro ya tabia. Hilo Mama Pacha alilijua tangu alipolala kwa mdogo wake, miaka mingi iliyopita, usiku mmoja tu. Asubuhi, wakiwa wote wamekaa kwenye kifungua kinywa, mtoto mdogo aliuliza kama ile mashine ya kusaga ya jana usiku imeshaondoka. Shemeji akaficha uso kwa kikombe. Mama Pacha alicheka kuliko wote, akaaga mapema, na tangu siku hiyo hakulala tena nyumba ya mtu. Alialikwa arusi za mbali, akasema kazi zimembana. Wanawake wa kwaya walipokwenda safari ya siku tatu, yeye aliwasindikiza hadi kwenye basi, akawapungia mkono mpaka basi likapotea.

Nyumbani, mume wake alihamia kwanza sebuleni, kwenye kochi. Baadaye akaenda kukaa kwa kaka yake siku chache. Siku chache zikazaa nyingine, na mwisho akapanga chumba nyuma ya karakana yake ya kutengeneza majokofu, upande wa pili wa mji. Hapakuwa na talaka wala ugomvi wa kuita wazee. Watoto wao pacha walikuwa wameshakua na kwenda kufanya kazi miji ya mbali. Walipiga simu kila Jumapili, mmoja akimaliza mwingine anapokea. Mama Pacha akabaki na vyumba viwili, kitanda kikubwa, na imani kwamba mume wake amefukuzwa na mikoromo.

Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo kuliko wanawe, mwenye sauti ya upole. Alimpima shingo kwa utepe, akamulika koo lake, akamuuliza kuhusu kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka, kuamka mara kwa mara kwenda haja. Mama Pacha alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akashangaa vipi mtu asiyemjua anazijua asubuhi zake. Kisha daktari akauliza, "Nani hulala nawe, mama?"

"Nalala peke yangu."

"Hakuna hata mmoja anayekusikia ukilala?"

Mama Pacha alitazama mikono yake. Daktari akamweleza kwamba hakukusudia kumchokonoa. Alihofu kwamba pumzi zake hukatika usingizini: nyama laini za koo hulegea, zinafunga njia ya hewa, mwili unakosa hewa na kugutuka, unavuta pumzi, unalala tena, na mwenyewe asubuhi hakumbuki kitu. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kuna kipimo, naye angempa, ila ingemsaidia kama angepatikana mtu aliyewahi kulala karibu naye, aseme alichosikia.

Watu husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njiani kurudi, Mama Pacha aliona kwamba yeye amekilalia chake miaka yote, na bado wa kuulizwa habari zake alikuwa mtu mwingine.

Alimpigia mume wake jioni ile. Ilikuwa kawaida yao kupigiana simu habari ikiwa ya watoto au ya msiba, kwa hiyo Baba Pacha alipokea kwa kuuliza nani kafanya nini. Mama Pacha alimweleza aliyoulizwa na daktari.

"Ulikuwa unakoroma, halafu unanyamaza," Baba Pacha alisema. "Kukoroma si kitu. Kimya kile ndicho kilichonitesa. Nilikuwa nakaa kitandani nasubiri uvute pumzi. Nikiona kimezidi, nakusukuma bega, unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Unalala tena. Mimi nabaki macho."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama Pacha. Ukasema nimekuchoka, natafuta sababu."

Ni kweli alisema hivyo. Alikumbuka hata alipokuwa amesimama: mlangoni mwa jiko, kitambaa cha sahani mkononi.

Kipimo chenyewe kilikuwa kidude cha kwenda nacho nyumbani, mkanda wa kifuani, mrija mwembamba puani na kibanio kidoleni. Alilala nacho, akakirudisha. Daktari alipoyasoma majibu hakuyazungusha. Pumzi za Mama Pacha zilikuwa zinakatika kila dakika mbili, pengine chini ya hapo, usiku kucha. Moyo wake ulikuwa unafanya kazi ya mtu anayekimbia, huku yeye akidhani amepumzika.

Kisha akamfungulia njia za tiba, moja baada ya nyingine. Wapo wanaosaidiwa na kulala ubavu na kupunguza uzito. Wapo wanaotengenezewa na daktari wa meno kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya la chini mbele ili koo lisifunge. Wapo wachache wanaofanyiwa upasuaji, kama kuna kitu cha kuondolewa kooni, na kwake hakikuonekana. Dawa za usingizi asiziguse, wala pombe. Lakini kwa hali yake, daktari alisema, tiba ya kutegemea ni mashine ndogo ya kusukuma hewa kupitia barakoa, ili njia ikae wazi. Angeivaa kila anapolala.

"Mpaka lini?"

"Labda ukipungua sana tutapima upya. Kwa sasa ihesabu kama miwani, mama. Haiponyi macho, lakini unaona."

Mama Pacha hakuitaka. Kuvaa barakoa kitandani kulimfanya ajione maiti wa mapema. Aliomba ajaribu kwanza hizo njia nyingine, na daktari akamkubalia kwa muda mfupi, kwa sharti kwamba asishike mashine ya kukatia. Karakanani akahamishiwa kwenye kufunga vifurushi. Kwa kuwa ni fundi, alijishonea mfuko mgongoni mwa nguo ya kulalia, akatia mpira mdogo ndani yake, ili akigeuka chali mpira umchome arudi ubavuni. Alipojitazama kwenye kioo kwa upande alionekana kama amebeba mtoto. Alicheka peke yake, na kicheko kikaisha upesi kwa kukosa wa kukipokea. Mpira ulimpa maumivu ya mgongo na usingizi ukabaki uleule. Daktari wa meno naye alitazama mapengo ya magego yake, akatikisa kichwa: kifaa hakingepata pa kushika.

Hivyo mashine ikaja. Bima ililipa sehemu, pacha wakamalizia, kila mmoja akitaka ijulikane kwamba yeye ndiye aliyetangulia kutuma.

Mara za kwanza zilikuwa vita. Barakoa ilifunika pua na mdomo, hewa ikamjia kwa nguvu kama upepo wa dirisha la gari, akahisi anazibwa badala ya kusaidiwa. Alikuwa anaivua bila kujua na kuikuta asubuhi sakafuni. Mashavu yalibaki na alama za mikanda, akaenda kazini amejifunga mtandio mpaka kidevuni. Alikuwa amekwishaifunga ndani ya boksi airudishe, fundi wa vifaa wa hospitali alipompigia kuuliza maendeleo. Fundi huyo hakumhubiria. Alimwambia alete uso wake, akambadilishia barakoa ndogo ya puani tu, akalegeza mikanda, akamwonyesha pa kutia maji safi ili hewa isimkaushe koo, akampangia ianze polepole na kuongezeka akishalala. Akamshauri aizoee mchana kwanza, akiwa macho. Mama Pacha akawa anakaa kwenye kochi Jumamosi, barakoa puani, anasikiliza redio na kuchambua mchele, hadi pua yake ikaacha kuikataa.

Asubuhi moja aliamka akadhani amechelewa kazini, kwa jinsi alivyojisikia tofauti. Hakuwa amechelewa. Kichwa hakikuuma. Alitandika kitanda, akaoga, akanywa chai yake yote, na kote huko hakutamani kukaa. Baada ya wiki kadhaa daktari alisoma kumbukumbu za mashine, akaridhika, na msimamizi akamrudishia meza yake. Alikata mistari iliyonyooka kama ya zamani. Hata kwa mdogo wake alikwenda, akalala huko na mashine yake, na watoto wa mwisho wa nyumba ile wakaja alfajiri kumchungulia, wakampa jina la Mama Mkubwa Rubani.

Lakini macho yalipofunguka, yaliona na mengine. Zamani akirudi kazini alikuwa anaanguka kwenye kochi, na jioni inapita bila yeye kuijua. Sasa jioni zilikuwa ndefu. Alijikuta ameshapika, ameshaosha, ameshafuta vumbi kwenye rafu ambazo hakuna anayezigusa, na bado ni mapema. Alianza kuwaza kwamba ugonjwa uliomtoa mume wake umeshafungwa kamba, basi kwa nini asirudi? Akapiga moyo konde, akamwomba wakutane.

Walikutana mkahawani karibu na posta, saa ya chakula cha mchana. Baba Pacha alikuja na nguo zake za kazi, mvi zimemjaa kichwani kuliko Mama Pacha alivyotarajia. Walizungumza habari za watoto. Kisha Mama Pacha akamweleza habari za mashine, kwamba haivumi hata kama feni, kwamba fundi kasema usingizi wake sasa ni wa mtoto.

"Kwa hiyo chumba kipo," alisema. "Kama utapenda."

Baba Pacha alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Mimi sikukimbia kelele, mama," alisema. "Kelele mtu huzizoea. Nilichoka kuogopa peke yangu usiku, na asubuhi naambiwa mwongo."

"Sasa nakuamini."

"Najua. Na nimefurahi umepona, Mungu ni shahidi. Lakini siku za mwanzo kule kwangu sikulala kabisa. Nilikuwa nasikiliza, na hakuna wa kumsikiliza. Ikanibidi nijifunze kulala upya, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nimeshajifunza. Nikirudi nitaanza tena kusikiliza."

"Hakuna cha kusikiliza."

"Mimi najua. Sikio langu halijui."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa mwanamke mwingine, kwa hasira, hata kwa dharau. Kwa hilo hakujiandaa. Baba Pacha, kwa kuwa ni fundi, akaanza kumuuliza habari za mashine: kichujio chake kinasafishwaje, inakaa mezani au sakafuni, umeme ukikatika inakuwaje. Akamwambia aitenge na vumbi, aoshe mrija kwa sabuni isiyo kali, na kwamba atamtafutia betri ya akiba inayolingana nayo. Alipomaliza alilipa chai, akamshika kiwiko kumvusha barabara, ng'ambo akamwachia, akaenda zake kushoto. Betri ilimfikia wiki ileile kwa mkono wa dereva wa pikipiki.

Mchana ule, kutoka mkahawani, Mama Pacha alirudi karakanani, akakata mpaka saa ya kufunga, wala mstari haukupinda. Alipofika nyumbani alipika kidogo, akala akiwa amesimama, akajitayarisha kulala. Alivaa barakoa, akawasha mashine, akazima taa. Hapo ndipo machozi yalipokuja, na pua ikaziba, na hewa haikuwa na pa kupita. Ilimpulizia usoni, ikamtoka pembeni kwa mluzi. Alijaribu kuyazuia yasije. Yalikuja tu.

Akawasha taa. Akavua barakoa, akaiweka mapajani, akakaa kitandani na kulia vizuri, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha muda mrefu. Alipomaliza alikwenda kunawa uso kwa maji ya moto, akapenga kamasi pande zote mbili, akasubiri mpaka pua ikafunguka. Kisha akakaza mikanda, akalala ubavu, akavuta hewa.

Usingizi ulipomchukua, haukumwachia mpaka asubuhi.