Magari Yanayorudi

Tangu siku moshi ulipofuka nyuma ya redio huku mama mjamzito akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma, mkunga aliliendesha gari lake roho mkononi. Siku ile mambo yaliisha salama. Aliegesha kando ya barabara, akafungua boneti, akachomoa waya wa betri, moshi ukafifia, na mgonjwa wake akafikishwa zahanati na gari la msamaria aliyepita. Mtoto alizaliwa jioni, mzima na mwenye hasira. Lakini mkunga alijua kwamba mambo kama hayo hayaishi salama kila mara.

Redio ile ilikuwa imefungwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye nyumbani walimwita Injinia kwa kuwa hapakuwa na kifaa ambacho hakuwahi kukifungua, ingawa vilivyofungika tena vilikuwa vya kuhesabika. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi na mwepesi wa kujitolea, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mtu anayekusaidia huku akicheka. Baada ya moshi, redio ikawa bubu. Simu ya mkunga, ambayo zamani aliipokea kupitia spika za gari bila kuachia usukani, sasa ilibaki ndani ya mkoba ikilia mpaka apate mahali pa kusimama. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa kero tu. Kwake yeye, aliyezunguka makazi ya mbali kuwaona wajawazito wasioweza kufika zahanati, simu ndiyo iliyomwambia ageuze njia, aongeze mwendo, au amtulize mama mkwe fulani mwenye hofu mpaka yeye mwenyewe abishe hodi.

Mumewe, seremala asiyependa maneno mengi, alitoa msimamo wake jioni moja akiwa anakung'uta unga wa mbao kwenye nywele. Hakufoka. Alimkumbusha kwamba zahanati imempa nafasi ya kukaa ofisini, akasema kuwa yeye amechoka kushinda karakana akitega sikio kila gari linapopita. Ama apatikane fundi wa kuaminika, akague nyaya zote na kufunga redio upya, ama mke wake aache mizunguko akae mezani. Mwisho wa mwezi zahanati ingetaka jibu, naye pia angelitaka.

"Na Injinia asiliguse," aliongeza.

"Hata kuliosha?"

"Hata kuliegemea."

Mkunga alicheka, kisha akakosa usingizi. Kazi ya mezani haikuwa mbaya. Ilikuwa na kiti, feni na kivuli. Ila kila alipojaribu kujiona ameketi pale, aliwaona akina mama wanaomsubiri milangoni, na mtu mwingine wasiyemjua akishuka kwenye gari, au asishuke mtu kabisa.

Akaanza kuuliza watu. Jirani alimsifu fundi aliyemfungia spika zinazotikisa madirisha ya mtaa mzima. Muuguzi mwenzake alimsifu aliyemaliza kazi kabla chai haijapoa. Mkunga aliwashukuru wote, lakini aliona kwamba kila sifa ilihusu ukubwa wa sauti au wepesi wa mkono. Hakuna aliyezungumzia yaliyo nyuma ya dashibodi, mahali ambapo jicho la mteja halifiki. Na yeye shida yake ilikuwa hapo hasa.

Wifi yake ndiye aliyeleta dawa. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mshonaji wa miaka mingi, mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Alimsikiliza mkunga huku akiwa na pini mdomoni, akazitoa, akatoa hukumu.

"Wifi, mimi nikitaka kumjua mshonaji siangalii gauni alilotundika mlangoni. Hata mimi natundika. Naangalia nguo zinazorudishwa. Ukikuta watu wamepanga foleni na nguo mkononi, kimbia, tena usiage."

Hoja ilimwingia mkunga. Basi wakaenda kwenye barabara ya maduka ya vifaa vya magari, wakaketi kwenye mgahawa uliotazamana na maduka mawili yaliyotajwa zaidi, wakaagiza chai waliyoinywa kwa kuibembeleza ili wasifukuzwe.

Duka la kwanza lilikuwa na vioo kutoka sakafuni hadi darini, taa za rangi, na spika zilizopangwa ukutani kama sahani za bibi harusi. Magari yaliingia yakiwa kimya na kutoka yakiimba. La pili halikuwa duka hasa, bali uwanja ulioezekwa bati, wenye meza ndefu ya kazi na benchi lililojaa watu wanaosubiri. Wifi hakutosheka na kutazama. Alivuka barabara akijifanya anatafuta chenji, akaketi benchini na kupiga soga. Kila aliyemuuliza kama amekuja kufungiwa redio alimjibu kwamba la, alikwishafungiwa zamani, amerudi tu.

"Wamerudi wote," alimwambia mkunga alipovuka tena, macho yamemtoka. "Hata mmoja mwenye teksi anasema hii ni mara ya tatu. Na bado anacheka na fundi, maskini, kama amerogwa."

Walikubaliana pasipo ubishi. Wakachukua gari, wakaingia kwenye duka la vioo.

Aliyewapokea alikuwa kijana nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ina makali. Aliwapa viti, akawaonyesha redio yenye kioo kipana, akajibu kila swali kwa adabu. Fyuzi zipo? Zipo. Nyaya ni nzuri? Ni nzuri. Kazi itachukua muda gani? Wakitaka wasubiri hapohapo. Wifi alikuwa ameshaanza kuchagua rangi ya taa. Mkunga alitoa funguo mkobani, akaunyoosha mkono, na kwa mazoea ya kazi yake akauliza swali la mwisho, kama mtu anayeuliza saa.

"Nililete tena lini mlikague?"

Kijana alicheka kwa wema. "Mama, ondoa wasiwasi. Gari likitoka hapa halirudi."

Wifi alimfinya kiwiko kwa furaha. Lakini mkono wa mkunga ulikwama hewani. Maneno yale yalimgonga mahali asipopatarajia. Zahanatini kwake, mama aliyejifungua alitakiwa kurudi: aangaliwe homa, maziwa, kitovu cha mtoto, na yale mengine ambayo mama hayasemi mpaka aulizwe. Siku mbaya haikuwa siku benchi la kliniki lilipojaa, ilikuwa siku lilipokuwa tupu. Mkunga mwenzake angemwambia kwa fahari kwamba kwao mama akishazaa harudi, asingempeleka huko hata paka.

Akauliza itakuwaje gari likirudi hata hivyo. Kijana, bila kuficha wala kubadilisha uso, alieleza kwamba kazi ikishakabidhiwa na mwenyewe akairidhia, inakuwa mali ya mwenyewe. Barabara ni mbovu, nao hawajengi barabara. Mkunga alimshukuru kwa dhati, maana alimwona ni mkweli, kisha akarudisha funguo mkobani.

Nje, wifi alimsimamia mbele, mikono kiunoni.

"Umepandwa na nini? Ulibakiza kufungua kiganja tu!"

"Wifi, kwako nguo ikirudi ni aibu. Kwangu mama asiporudi ndiyo hofu."

 Wifi alitazama duka la vioo, akatazama uwanja wa mabati, akatazama gari lenyewe lililosimama katikati likiwa halina habari.

"Sasa gari ni nguo," aliuliza hatimaye, "au ni mzazi?"

"Twende tukaulize."

Mwenye uwanja aliitwa Kipaza. Walimbandika jina hilo kwa kejeli, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wateja walimsikiliza wameinama. Asidhaniwe kuwa alikuwa mpole. Kwa sauti hiyohiyo ndogo alilalamikia jua, bei za nyaya, majirani wenye kelele, na wateja wanaotaka muziki wa ukumbini ndani ya gari lenye ukubwa wa kabati. Mkunga alipomuuliza kwa nini magari yanarudi kwake, alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Yanarudi kwa sababu nayaita," alisema. "Nikifunga leo najua nilichofanya mimi. Sijui barabara yako itafanya nini. Mtikisiko unalegeza skrubu, waya unasuguana na chuma. Kaliendeshe kwenye mashimo yako, halafu niletee nione. Asiyekuja nampigia simu mpaka ananichukia."

Watu wa benchini walicheka. Mwenye teksi alithibitisha kwamba yeye alipigiwa akiwa msibani. Wifi alitafuta mahali pa kutazama, akapapata kwenye kucha zake.

Kipaza alifungua dashibodi mbele yao, akawaita wasogee. Kazi ya Injinia ilijitokeza hadharani. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu ya kufungia zawadi, yenye maua mekundu. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara, kimekunjwa kwa ustadi wa kusikitisha.

"Nani kafanya hivi?"

"Mdogo wangu," wifi alijibu, amejifunika nusu ya uso.

"Pole. Akafunge zawadi tu, mkono huo anao."

Kisha utani ukakoma. Kipaza alieleza kwamba waya ulioungua umepita sambamba na nyaya za gari lenyewe, zile za taa na za injini. Kama moto uligusa hizo, gari lingelazimika kuvuliwa nyaya zote, na kazi hiyo isingeisha mwezi huu wala ujao. Akachukua tochi, akalala chali chini ya usukani, miguu ikabaki nje. Mkunga alisimama akiikodolea macho ile miguu. Alifahamu vizuri hali hiyo, ila siku zote alikuwa upande wa pili: yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza kwa makini, na wengine ndio waliosimama wakimsoma uso. Sasa hata uso wa kusoma hakuwa nao, alikuwa na soli za viatu tu. Wifi alimshika mkono. 

Sauti ndogo ilitoka chini, na ilibidi wainame wote.

"Umeungua waya wa redio peke yake. Za gari ni nzima."

Mkunga alitafuta benchi kwa mkono, watu wakampisha, akaketi. Hakulia. Alijipepea na kitambaa cha kichwa, akaomba maji, akanywa yote, na ndipo alipogundua kwamba tangu asubuhi alikuwa ameyauma meno.

Kipaza alifunga redio ya kawaida, isiyo na kioo kipana, akaunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa na kuzivika mipira, akaweka fyuzi ya kweli karibu na betri na kumwonyesha mkunga jinsi ya kuikagua mwenyewe. Mkunga aliondoka akarudi kwenye mizunguko yake, akapita mashimoni bila kuyakwepa kama zamani, maana alikuwa ameagizwa. Simu zilipokelewa. Mumewe alisikiliza habari zote hizo mezani, akaitikia kwa kichwa. Mwezi ulikuwa unaisha. Siku ya kulirudisha gari ilipofika, alifunga karakana na kusema ataenda kushuhudia.

Wifi naye alikuja, kwa madai kwamba njiani kuna duka la vifungo.

Kipaza alifungua, akamulika, akagusa kimoja baada ya kingine. Seremala alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akitazama kama anavyoitazama kazi ya seremala mwenzake. Ghafla fundi aliguna. 

"Hii imelegea," Kipaza alisema pasipo haya yoyote, akizungusha skrubu kidogo. "Na huu waya umeanza kusogelea chuma. Ningekaa hapa mwaka mzima nisingelijua hilo. Barabara zako mbaya, mama." Akaubana waya mahali pake, akautikisa, haukutikisika. "Basi. Miezi michache, uje tena."

Mkunga aliogopa mumewe asije akaona kwamba kumbe kazi ilikuwa na kasoro. Lakini seremala alikuwa ameinama, akautikisa ule waya kwa kidole chake mwenyewe. Alipoinuka, mabega yake yalikuwa yameshuka. Alimuuliza Kipaza kama anahitaji benchi la pili, maana hili halitoshi watu. Kipaza alijibu kwa malalamiko marefu kuhusu bei ya mbao, na wakaelewana.

Walipokuwa njiani kurudi, simu iliita kupitia spika. Alikuwa msimamizi wa zahanati. Aliomba radhi kwa kusumbua, akasema wakubwa wanataka jibu kuhusu ile nafasi ya ofisini. Mkunga hakutoa mkono kwenye usukani. Alimtupia mumewe jicho.

 "Mwambie ampe mwingine," seremala alisema.

"Nimesikia," msimamizi alijibu, na ikasikika wazi kwamba ameshusha pumzi. "Afadhali. Nilikuwa sina wa kumtuma kesho."

Akaanza kumpa taarifa za akina mama wa kesho, nani yuko karibu, nani amevimba miguu, na mkunga akawa anaitikia mmoja mmoja huku gari likishuka mteremko. Wifi, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliinama mbele na kunong'ona kwamba duka la vifungo wamelipita.

"Tutarudi," seremala alisema.