Kinu cha Madame Micheline

Micheline aliingia darasani amekumbatia kinu, jasho likimtoka. Watoto walicheka, kama walivyocheka wiki nzima. Wacheke tu! Yeye ualimu aliusomea kwa Kifaransa, ng'ambo ya mpaka, Bukavu, na leo riziki yake ilining'inia kwenye neno moja la Kiingereza, refu kama foleni ya daraja la Rusizi: unfortunately. Akishindwa kulifundisha mbele ya mkaguzi wa leo atahamishwa kutoka hapa Kamembe apelekwe shule ya mbali ya Nkungu, na mama yake asiyeinuka kitandani atabaki na nani?

Neno lenyewe lilimchosha. Un ya kukataa, fortunate ya bahati, ly mkia tu. Silabi tano, mkazo kwenye ya pili. Lakini ulimi wake wa Kiswahili ulikuwa ukiuangusha mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndipo alipokumbuka anavyotwanga sombe, majani ya muhogo, na jirani yake, mmoja akipiga taratibu, mwenzake kwa nguvu. Wiki nzima darasa likalitwanga neno: tu, TU, tu, tu, tu. Watoto wakalipata, na mwalimu akalipata.

Mkaguzi Sibomana aliingia bila hata salamu.

"Madame, hii kinu ni ya nini? Unapikia batoto?"

"Ni ya kufundishia, Monsieur. Pale sauti iko nzito, tunatwanga nguvu."

"Mu kitabu ya mwongozo bameandika silabi inapigiwa makofi. Tosha hiyo kitu." Micheline akakiondoa kinu, akakiweka pembeni. "Batoto, mupige makofi!"

Jamani! Shuleni hapa makofi ni ya kumpongeza mtu. Darasa zima likasimama, likampigia mgeni makofi ya pongezi kwa mpangilio uleule wa siku zote, likamalizia kwa kumnyooshea mikono yote kwa furaha.

"Habajue silabi," Sibomana alisema akiandika. "Utaenda Nkungu."

"Monsieur, tafazali, ubaache batwange mara moja tu."

"Nimemaliza."

Akufukuzaye hakwambii toka, lakini huyu alimwambia waziwazi.

Mlangoni Sibomana aligeuka, akasimama. Mgeni akiondoka hupigiwa makofi, naye alikuwa akiyangoja yake. Watoto walimtazama mwalimu wao, mikono tayari.

Micheline alikirudisha kinu katikati ya darasa, akampa mchi mtoto wa dawati la mbele.

"Mutwange," alisema.

Wakalitwanga neno lile, mkazo mahali pake, na mkaguzi akaendelea kusimama mlangoni akingoja makofi.