Kumaliza Dozi

Koo lilianza kuniwasha Alhamisi, na kufika Ijumaa kumeza mate ilikuwa kama kumeza misumari. Ubaya wake, Jumamosi tulikuwa tunakwenda kumposea mdogo wangu. Jamaa ana miaka arobaini na kitu, ameshakataliwa nyumba mbili, na safari hii alinishika mkono. "Kaka, baba hayupo. Usiponisemea wewe, nani atanisemea?"

Mimi nachomelea mageti. Shule niliiacha mapema, ila mdomo ninao.

Mke wangu akanipeleka zahanati. Daktari, binti mdogo tu, akanimulika kooni. "Hakuna usaha, mzee. Ni virusi, vitaondoka vyenyewe. Kwa kuwa maumivu ni makali, nitakupa steroidi, dozi moja tu. Inapunguza uvimbe na maumivu, haiui virusi. Na usipayuke."

"Steroidi?" nikanong'ona. "Zile za watunisha misuli?"

"Hapana, zile ni nyingine. Hizi hazijazi kifua."

"Afadhali," mke wangu akadakia. "Mashati yenyewe tayari hayafungi tumboni."

Nikameza vidonge palepale. Asubuhi, jamani! Koo laini, sauti imerudi, njaa ya simba. Nikaimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo akili iliponituma vibaya. Kila aliyewahi kuugua anajua dozi ni pakiti nzima, na usipomaliza dozi ugonjwa hurudi na hasira. Daktari kasema dozi moja, nami nimepewa vidonge vya kumeza mara moja tu. Nimepunjwa! Nikaenda duka la dawa na cheti changu.

"Nimalizie dozi yangu."

Muuza dawa akasoma. "Umeshaimaliza, mzee. Dozi moja hapa ni kumeza mara moja, basi."

"Dozi ya mara moja uliiona wapi wewe?"

"Hapa. Imeandikwa."

"Mama, mimi nina posa leo! Sauti ikikatika utakuja kunisemea?"

"Ukiendelea kupiga kelele itakatika sasa hivi."

Nikaendelea. Koo haliumi, nani wa kunizuia? Nilikuwa katikati ya neno "wizi" sauti ikakatika kama umeme. Wateja wakapiga makofi.

Mchana nikakaa mbele ya wazee wa binti, bubu. Mdogo wangu kijasho chembamba kinamtoka. Mke wangu akaniinamia: "Ninong'oneze mimi, nitawafikishia."

Nikanong'ona: "Waambie ni mbishi, anakoroma, kazi anaiweza, na hajawahi kumdanganya mtu."

Mke wangu akakohoa kidogo. "Mume wangu anasema mdogo wake ni mpole, mwenye hekima, na—"

"Sivyo," akasema binti mwenyewe, aliyekuwa akipanga vikombe nyuma ya kiti changu. "Shemeji amesema anakoroma."

Mdogo wangu akanitazama kama ng'ombe aliyefikishwa machinjioni.

"Kweli anakoroma?" baba mtu akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini?

"Baba, waliotangulia wote walikuwa wapole wenye hekima," binti akasema. "Mmoja alikuwa na mke, mwingine alikuwa na wawili. Mimi namtaka huyu anayekoroma."

Mzee akavuta kikombe chake cha chai. "Haya. Ila usije ukanirudia hapa usiku na mto kwapani."