Ukurasa Uliofungia Karanga

Mama Hadidja hakuuza karanga bila kitendawili. Ndivyo alivyozoeleka kwenye soko la Kindu: unainama kwenye beseni lake, anasokota karatasi kama pembe, anaijaza karanga za moto, na kabla hajakukabidhi anasema, "Kitendawili." Ukitegua, anakuongezea konzi. Ukishindwa, unampa mji, naye anaupokea kwa madaha kama chifu, na karanga zako unakwenda nazo bila nyongeza. Watu walisema Hadidja ana miji mingi kuliko Zaire yenyewe.

Kwa hiyo siku vitendawili viliponyamaza, soko zima lilijua kuna neno.

Lilianza na kijana mmoja wa abakosti, lile koti la Kizaire lisilovaliwa na tai, ya rangi ya majivu na viatu vya kung'aa. Alinunua pembe moja, akategua kitendawili huku akicheka, akaenda zake. Karanga hazijamwisha mdomoni, akarudi mbio. Karatasi alikuwa ameifungua na kuinyoosha kiganjani, mafuta yamechora duara katikati ya maandishi.

"Mama, hii karatasi ilitoka wapi?"

"Karatasi njo karatasi," alisema Hadidja. "Ya sokoni."

"Nani alikupatia?" Kijana alikuwa tayari amechomoa kalamu. "Ninahitaji jina. Jina, muji na mwaka."

Hadidja alijikunja ndani yake kama konokono aliyeguswa pembe. Katika miaka ile, muntu mwenye kalamu aliyeuliza jina, muji na mwaka hakuwa muntu wa kuongezewa konzi ya karanga.

"Sijui," akasema. "Mimi nauza karanga. Karatasi siuzi."

Kijana akasimama kidogo, akakuna kichwa, akanunua pembe nyingine tatu. Pale pale akazimwaga karanga kwenye mfuko wake wa nguo, akaanza kusoma karatasi.

Zawadi, muuza sombe, majani ya muhogo, wa meza ya pili, alingoja aondoke ndipo akavuta kigoda chake karibu. "Yaya Hadidja," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa, "umeona viatu?"

"Nimeviona."

"Muntu gani wa kawaida anavaa viatu vile? Ule ni muntu wa usalama. Kuna mutu wa kununua karanga asome?"

"Nyamaza, Zawadi. Sombe yako inasikia."

Lakini mteja aliyefuata alimpa karanga bila kitendawili. Zile karatasi zilitoka kwa Sudi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyefagia ofisi za kampuni moja kubwa kule karibu na stesheni. Sudi alikuwa akimletea magazeti ya zamani, na Hadidja aliyachambua kwa jicho kali, maana hakutaka picha ya Mukubwa wa nchi ilowe mafuta mikononi mwake, aje aulizwe. Ndiyo sababu Sudi alipomletea kitabu kinene kisicho na picha ya muntu hata mmoja, vishale tu na vijisanduku na tarakimu, alishukuru Mungu. Kitabu salama, alisema. Kila asubuhi alichana kurasa zake bila wasiwasi.

Jioni, jua bado likiwa juu ya maji, alimwita Sudi uani.

"Kile kitabu ulikitoa wapi?"

"Kilitupwa, yaya."

"Kilitupwa, au ulikitupia mimi?"

Sudi akatazama miguu yake. "Kilikuwa chini ya ile mashine ya mishahara, iliyokufa. Hakuna aliyekigusa tangu wazungu waende. Sasa ofisini wanatafuta mafuta ya jenereta yaliyopotea. Wanapekua kila muntu mwenye ufagio. Wakisikia karatasi ya ofisi iko sokoni, hawataniuliza ya mafuta tena. Watakuwa wamepata mwizi."

"Umekunywa mafuta, Sudi?"

"Yaya, hata wewe?"

Shaka ni kama kunguni: ukileta mmoja kutoka sokoni, analala hata kwenye kitanda cha ndugu yako. Aliingia ndani akatoa kilichobaki cha kitabu. Juu ya jalada, pembeni chini, ulikaa muhuri wa zambarau wa kampuni, mviringo, unasomeka vizuri kuliko maandishi yote.

"Choma," alisema Sudi.

"Nitachoma," alisema Hadidja. Lakini alikirudisha sandukuni, kwa kuwa jiko lilikuwa limezimwa, au kwa kuwa kitu kilimwambia angoje.

Kesho yake kijana alirudi. Safari hii hakununua. Alichuchumaa mbele ya beseni, mwekundu wa macho, viatu vimejaa vumbi. Zawadi akaanza kupanga sombe yake ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Mama, najua unaniogopa," alisema kijana.

"Mimi naogopa nini? Nauza karanga."

"Niko mutoto wa Kalima. Naitwa Kitenge. Baba anachimba bati kule. Nasoma Kinshasa, masomo ya ordinateri, zile mashine za kuhesabu. Nimekuja kuandika kazi yangu ya mwisho, maana kule chakula kimenishinda."

"Na viatu?"

"Vya baba mudogo. Vinanibana."

Hadidja alivitazama. Kweli visigino vilikuwa vimetoka nje kidogo, kama watoto wanaochungulia mlangoni. Lakini hata muntu wa usalama anaweza kuvaa viatu vya kubana.

Kitenge akatoa karatasi zake mwenyewe, zilizoandikwa kwa mkono. Ukurasa mzima ulikuwa umepigwa mistari miwili mikubwa ya wino mwekundu. "Mwalimu wangu amefuta hii sehemu yote. Nilieleza namna mashine inavyopanga mishahara ya watu elfu bila kuchanganya mutu na mutu. Nilijua ni kweli, nilisikia darasani, lakini sikuonyesha imeandikwa wapi. Alisema, neno lisilo na mwenyewe ni uvumi. Nimezunguka maktaba za Kinshasa, za mapadri, hakuna. Halafu nanunua karanga Kindu, naikuta, na michoro yake. Wiki ijayo narudi. Nisipoleta jina la kitabu, mwaka wangu umekwenda na maji."

Hadidja alisoma shule ya msingi, na alichosoma hakukisahau. Alivuta ukurasa mwingine, usiofutwa, akatazama chini kabisa, ambako kulikuwa na majina madogo madogo, na miji, na miaka.

"Hawa wa chini," akauliza polepole, "walifanywa nini?"

"Nani?"

"Hawa uliowaandika. Walikamatwa?"

Kitenge alimtazama usoni. Aliona mwanamke hafanyi mzaha. "Hapana, Mama. Hao njo walioandika vitabu. Naandika majina yao ili nisiwaibie. Mwingine wa Liège, mwingine wa Paris. Wengine wamekufa."

"Na aliyeleta kitabu mpaka kwako? Naye unamuandika?"

Swali hilo Hadidja aliliweka kama mtego wa panya, taratibu, bila kutingisha chambo. Akaongeza, "Maana kule chuo cha Kurani, mwalimu Abedi akisoma neno la Mtume, anahesabu wote: nimelipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwanzo. Hata waliobeba anawataja. Wewe je?"

Kijana alifikiri. Hakuharakisha, na hilo Hadidja alilipenda.

"Kule kwa mwalimu Abedi neno limepita kwenye vinywa," alisema. "Lazima mutu ajue kila kinywa. Langu liko kwenye karatasi. Namuandika aliyeandika, mahali kitabu kilipochapwa, na mwaka. Aliyebeba namushukuru. Simwandiki."

"Hata mwalimu wako akikuuliza?"

"Mwalimu anauliza ukurasa, Mama. Hajawahi kuuliza karanga."

Zawadi alicheka nyuma ya sombe, kisha akajikohoza.

"Njoo kesho," alisema Hadidja.

Nyumbani alikitoa kitabu, akapekua jani kwa jani. Muhuri ulikuwa kwenye jalada peke yake. Alichukua mkasi wa kushonea, akakata mviringo, polepole, kama anayetoa jicho la samaki. Ndipo alipoona kwamba muhuri ulikuwa umekalia namba nne ndogo, na zile namba zilitoka pamoja nao. Alizisoma. Kisha akatumbukiza kile kiduara kwenye jiko, chini ya chungu cha karanga, akakitazama kikijikunja mpaka kikawa si kitu.

Asubuhi alimkabidhi Kitenge kitabu chini ya kitambaa cha beseni. "Chukua chote. Mimi kuanzia leo nafunga kwa majani ya mugomba."

Kitenge akatoa kalamu. Aliandika jina la Mbelgiji aliyekitunga, akaandika jina la kitabu, akaandika Bruxelles. Kisha kalamu ikasimama. Alipitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili.

Hadidja alishika kijiko cha kupimia na hakupima kitu. Sasa, aliwaza. Sasa atauliza nani amekata. Akiuliza, Sudi amekwisha.

Kitenge alilitazama lile tundu muda mrefu. Halafu alitoa kidole, akaandika kitu kifupi.

"Umeandika nini?" aliuliza Hadidja.

"Kwamba mwaka haujulikani. Inaruhusiwa. Mwalimu atanuna, lakini hatafuta."

Hakuuliza. Alifunika kalamu, akafunga kitabu kwenye kitambaa, akaanza kuinuka na viatu vyake vya kubana. Hadidja akamwacha ainuke, akamwacha ashukuru, akamwacha ageuze mgongo.

"Sitini na nane," alisema, akiongea na karanga.

Kijana akageuka.

"Elfu moja mia kenda sitini na nane. Kama unauandika, andika sasa."

Aliandika, akiwa amesimama, daftari kiganjani. Alipomaliza akasema, bila kutabasamu, "Panya wa Kindu wanatoboa majalada, na wanajua kusoma."

"Shule ya musingi tu," alijibu Hadidja.

Hata hivyo hakuondoa macho yake mgongoni mwa yule kijana. Kutoka sokoni kuna njia mbili: moja inapanda kwenye ofisi za serikali, nyingine inashuka mtoni, kwenye mitumbwi ya ng'ambo, kwa wanaorudi Kalima. Alimtazama mpaka njia panda. Pale kijana alisimama, akavua viatu, akaviunganisha kwa kamba na kuvitupia begani. Akashuka mtoni, peku.

Mteja alikuwa amesimama mbele ya beseni, ameshanyoosha mkono. Hadidja alikunja jani la mgomba, akalijaza, akalizuia.

"Kitendawili," alisema.

Zawadi alinyanyua kichwa kutoka kwenye sombe. "Tega, yaya," akasema, kabla mteja hajafungua mdomo.

"Nimebeba njia nzima, na kwenye sherehe sikutajwa."

Walifikiri wote wawili. Mteja akatikisa kichwa. "Nimeshindwa. Nakupa Kalima."

"Kalima naipokea," alisema Hadidja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza karanga, aliongeza konzi hata kwa aliyeshindwa.