Kumfuta Rabolo

Jumapili baada ya ibada, Laban Waliaula alilifungua tangi la pikipiki yake, akaliweka juu ya kreti ya soda uani, akaanza kulisugua kwa msasa na maji ya sabuni. Tangi lilikuwa la manjano. Kwa sababu ya rangi hiyo, wenzake wa steji ya bodaboda ya Kondele walikuwa wamemwita Rabolo kwa miaka minne. Yaani ndizi, kwa Kijaluo. Laban alikuwa Mbukusu peke yake pale. Mizaha ilipigwa kwa lugha aliyoielewa nusu, na katika nusu hiyo jina lake halikukosekana, likifuatwa na kicheko. Aliamini kwamba walimcheka yeye. Alitaka jambo moja tu: aitwe Laban.

Angeweza kwenda kwa fundi wa rangi, lakini huko wenzake wangekusanyika wote, kila mmoja na ushauri wake. Ndiyo maana alinunua mikebe miwili ya rangi nyeusi ya kupuliza na kujifungia nyumbani.

Alikuwa akifunika taa na injini kwa magazeti wakati Owiti, mwenyekiti wa steji, alipochungulia langoni.

"Rabolo! Omera, ndugu yangu, unaimenya?"

Laban hakuinua kichwa. "Naliua hilo jina, Mwenyekiti. Mimi nina jina langu nililopewa na baba."

Owiti alikunja mikono ya shati. "Basi lete msasa mwingine. Madigadi bado hazijaguswa."

"Niache. Nitamaliza mwenyewe."

Owiti aliikunjua mikono ya shati, akaenda zake.

Tabaka la kwanza la rangi lilikaa vizuri. La pili lilikutana na upepo wa jioni kutoka ziwani, na upepo ukaja na wingu la visubi. Wakanasa kwenye rangi mbichi kwa mamia. Laban alijaribu kukinga tangi kwa shuka kwa mkono mmoja huku akipuliza kwa mwingine. Kazi hiyo ilitaka watu wawili. Jumatatu alikwangua mabawa na miguu, akasugua upya, akapaka upya ndani ya chumba anacholala.

Jumatano alirudi kazini. Pikipiki ilimeremeta kama kiatu cha askari wa gwaride.

"Habari za asubuhi, Bwana Laban," alisema Owiti.

"Karibu, Bwana Laban," alisema Ondiek, akampisha kwenye benchi kama mtu anayempisha mwalimu mkuu.

Laban aliketi, moyo umemjaa fahari. Mazungumzo yaliyokuwa yamepamba moto yalififia. Mtu mmoja alikohoa, akaeleza kwa Kiswahili safi jinsi maji yalivyofunika barabara huko Ahero. Wote wakakubali kwamba ni jambo la kusikitisha.

Saa sita Ondiek alisinzia juu ya pikipiki, na wenzake wakaanza. "Kiboko amezama! Jongoo, mwamshe!" Jongoo alikuwa Owiti, kwa mwendo wake wa polepole. Kwa mara ya kwanza Laban aliyasikiliza majina ya wengine. Hapakuwa na hata mmoja aliyeitwa kwa jina alilopewa na baba yake.

Alicheka pamoja nao, akainuka, akapiga tangi kwa kiganja. "Jamani, kwani ndizi ikiiva kupita kiasi si huwa nyeusi?"

Hakuna aliyecheka. Walimtazama Owiti.

"Hapana, Bwana Laban," alisema Owiti kwa upole. "Ulituambia, tukasikia. Hakuna atakayekuita hivyo tena hapa."

"Mwenyekiti, mimi natania tu."

"Tumekuelewa. Utusamehe kwa yaliyopita."

Mwanamke mwenye karai la samaki alivuka barabara akitafuta usafiri.

"Bwana Laban," alisema Owiti, "zamu yako, tafadhali."

Laban alivaa helmeti, akampakia mama yule, akaondoka taratibu. Hakuwa amefika mbali mtu alipoita, "Kiboko!" na kicheko kikalipuka nyuma yake, kikubwa, cha watu waliokuwa wamekizuia kwa muda mrefu. Safari hii alijua kwa hakika kwamba hakikumhusu.